Kinanda cha babu, mpya ya dukani au mtumba wa Japani: mashine ipi ya santuri kwa nyumba ya Kusini?

Mtu wa Mtwara au Lindi akitaka mashine ya santuri huanza kwa kuuliza jina. Garrard nzuri? Technics ndiyo imara? Jina lina nafasi yake, lakini kwa sisi tunaoishi mamia ya kilomita kusini mwa Kariakoo kuna swali linalotangulia: kile kitakachochakaa kwenye mashine hiyo kinaingia kwenye bahasha? Sindano inaingia. Mkanda unaingia. Bahasha anapewa kondakta wa basi kule Dar, nawe unaipokea stendi. Mota haiingii, na mkono uliopinda ni nadra kunyooshwa ukarudi ulivyokuwa. Barabara ilipokatika pale Somanga kwa mvua za 2024, hata bahasha hazikupita, kwa hiyo ni vyema pia mashine yako isiwe ya kuhitaji bahasha kila mwezi.

Kwa kipimo hicho nalinganisha mashine za aina tatu zinazofika kweli mikononi mwa watu huku: kinanda, yaani mashine ya santuri ya zamani iliyobaki nyumbani, mara nyingi ndani ya kabati la redio-gramu (redio na kinanda pamoja), mashine mpya ya dukani, hasa ile ndogo ya mkanda, na mtumba wa Kijapani ambao sahani yake imekaa juu ya mota moja kwa moja. Msimamo wangu nausema mapema: wengi wenu inawafaa ya pili, wachache ya kwanza, na ya tatu ni ya mwenye fedha na bahati.

Fungua sanduku la santuri kabla ya kufungua pochi

Santuri ulizonazo ndizo zinazochagua mashine. Ndogo za inchi 7 ni za mizunguko 45 kwa dakika: rumba ya Kongo, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi za Dar na za Kenya, nyingi zikiwa zimefyatuliwa Nairobi. Kubwa za inchi 12 ni LP, mizunguko 33⅓. Aina hizi mbili zinatumia sindano moja, na mashine yoyote kati ya hizi tatu itazipiga. Baadhi ya 45 zina tundu kubwa katikati na zinataka adapta, kidude cha plastiki ambacho ukikipoteza utajuta, maana santuri isiyokaa katikati huyumbisha sauti.

Shida iko kwenye zile nzito zinazovunjika zikianguka, za mizunguko 78. Siti binti Saad alirekodi za namna hiyo Bombay mwaka 1928, na kwa miongo mingi muziki wa pwani ulisafiri juu ya santuri hizo. Mifereji yake ni mipana. Sindano yake ina ncha ya mikroni 65 hadi 75 hivi, wakati ncha ya kawaida ya LP ni mikroni 18. Ukiweka sindano ya LP kwenye 78, inaburuzika chini kabisa ya mfereji, kwenye uchafu wa miaka yote, na unachosikia ni mchakacho wenye mwimbaji kwa mbali. Ukiweka sindano ya 78 kwenye LP unaiharibu LP. Kwa hiyo mwenye 78 asiulize tu kama mashine ina mwendo wa 78. Aulize kama ina sindano yake. Mashine nyingi mpya za bei ndogo zinazoandikwa "speed 3" zina mwendo huo, sindano hazina.

Nikiwa hapohapo: santuri za 78 nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki. Zisafishe kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, zikaushe mara moja, na chupa ya spiriti iwe mbali.

Umeme unachuja kuliko bei

TANESCO hutupatia volti 230 na hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Watu huangalia volti tu. Volti zikitofautiana, transfoma ya kushusha inatibu. Hezi haitibiwi na transfoma, na hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mota za zamani za mkanda, na zile zinazosukuma gurudumu la mpira, nyingi hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inategemea hezi 60. Ichomeke hapa, hata kama volti umezishusha vizuri, nayo itazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake: LP ya 33⅓ inashuka chini ya 28, na mwimbaji wako anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tiba ni puli ya hezi 50, kile kipande kidogo cha chuma kwenye shingo ya mota. Kinaingia kwenye bahasha, kama bado kinapatikana.

Japani ina mkanganyiko wake. Mashariki ya nchi ile, Tokyo ikiwemo, ni hezi 50. Magharibi, Osaka ikiwemo, ni hezi 60. Volti ni 100 kote. Mashine mbili za mwaka mmoja na jina moja zinaweza kufika bandarini zikiwa na puli tofauti. Vinanda vya Kiingereza vilivyoletwa enzi ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru havina shida hiyo. Uingereza nayo ni hezi 50, kwa hiyo Garrard ya Swindon iliyokuja ndani ya redio-gramu iko nyumbani kwenye soketi yako.

Kuna jaribio la bure la mwendo. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Mashine ya 33⅓ iliyo sawa inatoa mizunguko 100 kamili. Ikitoa 83, umeshikilia mashine ya hezi 60. Kwa 45, dakika 3 ni mizunguko 135. Wauzaji wengine watakuonyesha kile kikaratasi cha mistari kinachoonekana kusimama mwendo ukiwa sawa. Hesabu mistari kabla ya kushangilia. Kwa LP kwenye umeme wetu iwe 180. Ikiwa 216, karatasi hiyo ni ya hezi 60 na itakudanganya. Nayo inahitaji taa inayopepesa na umeme, jambo ambalo taa nyingi za LED hazifanyi vizuri.

Kinanda cha babu

Kijana mmoja alinifuata na BSR, kinanda cha Kiingereza, iliyochomolewa kwenye redio-gramu ya Mikindani.

"Shikamoo mzee. Babu anasema iwekewe mkanda tu, ndiyo maana haizunguki."

"Marahaba mwanangu. Mwambie babu hii haikuzaliwa na mkanda."

Karibu vinanda vyote vya redio-gramu, BSR na Garrard za kawaida zikiwemo, huendeshwa na gurudumu dogo la mpira. Linabanwa kati ya shingo ya mota na ukingo wa ndani wa sahani, nalo ndilo linalogeuza sahani. Uzuri wake ni nguvu: sahani inachangamka mara moja na haitetereki. Ubaya ni kwamba mtetemo wa mota unapita kwenye mpira hadi kwenye sindano, ndiyo ile ngurumo ya chini inayosikika kati ya nyimbo. Mpira ukikauka ngurumo inaongezeka. Na kinanda kikiachwa miaka ishirini kikiwa kwenye "on", gurudumu linabonyea pale lilipobanwa, kisha linagonga kila mzunguko, du, du, du. Kwa sababu hiyo mwenye kinanda cha namna hii, umeme ukikatika katikati ya wimbo, ainuke akazime kwa mkono. Asingoje urudi.

Kabla ya kuamua kukarabati, fanya ukaguzi bila kuchomeka umeme. Toa sahani, izungushe beringi yake kwa vidole: iwe laini, isichezecheze upande kwa upande. Zungusha shingo ya mota: ikigoma, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda tu, lakini ikiwa na harufu ya kuungua hapo umefika mwisho. Inua mkono, uache ushuke: usikwame popote. Gusa gurudumu la mpira kwa kucha: kucha ikiacha alama ndogo gurudumu lina uhai, likiwa gumu kabisa lina kazi. Mwisho soma namba iliyo kwenye katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, uitafute kabla ya kutumia hata shilingi moja. Sindano ikikosekana na katriji haiwezi kubadilishwa, kilichobaki ni fanicha.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira. Gurudumu lisafishwe kwa spiriti, halafu liparuzwe kidogo kwa msasa laini sana huku likizunguka, ili lipate ukavu wa kushika. Kama limebonyea sana, msasa hautoshi. Kuchonga jipya kutoka kwenye mpira wa tairi ni kujidanganya, kwa sababu unene usiolingana hata kidogo unasikika kama sauti inayoyumba. Ndivyo ilivyo pia kwa mikanda ya kukata kwenye tyubu ya baiskeli kwa mashine za mkanda. Gurudumu au mkanda unaagizwa ulio sahihi, ama unaacha.

Mafuta ya cherehani yanafaa kwa beringi za mota, tone moja au mawili baada ya kufuta ya zamani. Beringi kuu ya sahani inataka mafuta mazito kidogo. Tone lisiguse mpira wala ukingo wa ndani wa sahani, maana gurudumu litateleza na utahisi mota imekufa. Vinanda vinavyobadilisha santuri vyenyewe vina mitambo mingi ya vyuma chini, na grisi yake huwa gundi kadiri miaka inavyopita. Mkono unaoganda njiani au kugoma kurudi mara nyingi unaumwa grisi hiyo tu: iondoe yote, weka mpya kidogo.

Katriji ndiyo inayotuangusha watu wa pwani. Vinanda vingi vya redio-gramu vilitumia katriji za kristali, na kristali yenyewe ni chumvi ya Rochelle, kitu kisichovumilia joto wala unyevu. Shangani ya Mtwara au Lindi mjini, kwa upepo ule wa bahari, ikiwa bado inatoa sauti baada ya nusu karne ni ajabu. Mrithi wake ni katriji ya seramiki, imara zaidi, na kwa vinanda vingi vya BSR na Garrard seramiki za badala na sindano zake hupatikana kwa wauzaji wa nje. Nyingi zina sindano ya kugeuza, upande mmoja LP, upande wa pili 78. Kwa mwenye 78, hicho pekee kinaweza kuamua. Lakini katriji hizi hukandamiza santuri kwa gramu 5 hivi, pengine zaidi, wakati katriji nzuri za sumaku zinataka gramu 2 hivi. Na zile za mono za kabla ya 1958, mwaka ambao santuri za stirio zilianza kuenea, hazikutengenezwa kwa mfereji wa stirio na huuchubua. LP yako ya thamani isipite huko.

Suala la usalama halina mjadala. Redio-gramu za zamani za valvu, baadhi yake, zina umeme hai kwenye bati lenyewe la ndani, na kapasita zake hubaki na chaji hata waya ukichomolewa. Usivute nyaya za kinanda kutoka kwenye redio ya namna hiyo ukaziunganisha na sabufa kwa kubahatisha. Kitoe kinanda kabisa, kijitegemee, na mpe fundi anayejua valvu akague upande wa umeme, hasa kile kikapasita kidogo kwenye swichi ya mota ambacho kikizeeka huungana na kuleta moto.

Redio-gramu moja kati ya nyingi itakuwa na hazina. Ukifungua kabati ukakuta Garrard 301, iliyoanza kutengenezwa 1954, au 401 ya 1965, au Thorens TD 124 ya Uswisi, usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu. Hizo watoza wa Ulaya na Japani wanazigombania, vipuri vyake vinatengenezwa upya hadi leo, gurudumu la mpira likiwemo. Zinastahili kila senti ya ukarabati. Zinastahili pia sanduku jipya, na hapo Kusini hatushindwi: mpingo wetu ni mzito kiasi cha kuzama majini, na uzito ndio sanduku la kinanda linaoutaka ili kumeza mtetemo. Ila mpingo wa upana huo ni ghali, hupasuka ukikauka vibaya, na ununuliwe wenye karatasi za misitu. Mninga uliokauka vizuri, vipande viwili vinene vilivyogundishwa, unatosha kabisa na seremala hatakulalamikia misumeno yake.

Mpya ya dukani

Anza kwa kuondoa lile begi la rangi rangi lenye spika ndani. Lina katriji ya seramiki, mkono mzito usiorekebishika, na spika zinazotetemesha sindano iliyo sentimita chache kutoka kwao. Ni pambo.

Mpya ninayoizungumzia ni ya daraja la Audio-Technica AT-LP60X. Mkanda, sahani ya alumini, mwendo wa 33⅓ na 45 tu. Unabonyeza kitufe, mkono unakwenda wenyewe, wimbo ukiisha unarudi wenyewe. Ndani ina priampu (kazi yake naieleza kwenye kuunganisha na sabufa), na inatumia adapta ya volti 12 DC, umeme kama wa betri. Adapta hiyo ndiyo iliyonifanya niipendekeze huku. Mota yake haifuati hezi za TANESCO, kwa hiyo mwendo haubadiliki. Umeme ukipanda vibaya, kinachokufa kwanza ni adapta, na adapta ni ya bei ndogo. Wenye sola Tandahimba au Nachingwea wanaweza kuiendesha bila kuhangaika na inveta ya bei rahisi, ambayo umeme wake wa ngazi ngazi huzifanya mota za zamani zipate moto na kunguruma.

Upungufu wake ni wa wazi. Uzito wa mkono hauurekebishi, katriji huibadilishi, 78 haipo. Hata hivyo sindano yake ni ya aina iliyo nyingi sokoni, na mkanda pia. Kipimo cha bahasha inakipita vizuri kuliko zote.

Ukiweza kuongeza fedha, AT-LP120X haina mkanda kabisa, ina mwendo wa 78, mkono wenye uzito wa kurekebisha, na katriji ya familia ya VM95. Familia hiyo ina sindano nyingi zinazoingia kwenye mwili mmoja wa katriji, mojawapo ikiwa AT-VMN95SP ya santuri za 78. Unachomoa moja, unachomeka nyingine, unaongeza uzito wa mkono, unamsikiliza Siti. Kwa mwenye mchanganyiko wa 78, 45 na LP ambaye hana kinanda cha urithi, sijaona jibu rahisi zaidi ya hilo.

Rega ni mashine nzuri, na masikio yangu yanazikubali kuliko hizo mbili. Lakini kwenye Planar 2 au 3, kubadilisha kutoka 33 kwenda 45 ni kuinua sahani na kuhamisha mkanda kwa kidole. Mwenye LP tupu hatajali. Mwenye rundo la 45 za rumba na LP chache atachoka siku hiyohiyo. Na adapta yake hutoa volti 24 za AC, kwa hiyo adapta ya DC ya kuokota dukani haifai.

Mtumba wa Japani

Technics SL-1200 ilitoka 1972, ya MK2 ikafuata 1979, kiwanda kikaacha kuitengeneza 2010 na kikairudia 2016. Mpya ya MK7 bei yake inaweza kununua AT-LP60X tano au zaidi, kwa hiyo wengi wanaoitaja wanamaanisha iliyotumika. Inastahili sifa zake: mota imara, mwendo ambao tangu MK2 unalindwa na kwatzi, kama ile ya saa, bila kujali hezi, mkono wa kurekebisha kwa kila kitu, na kichwa cha mkono kinachochomolewa, kinachokubali katriji karibu zote. Shure waliacha kutengeneza katriji 2018, na mashine nyingi za disko zilifungwa katriji zao. Kwenye mkono wa namna hii hilo si msiba, unafunga ya kampuni nyingine.

Tatizo ni zilikotoka. Nyingi zimefanya kazi disko. Shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, kisukume polepole mbele na nyuma: ukihisi mchezo kwenye beringi za mkono, iache hata kwa nusu ya bei. Kitelezo cha mwendo kikikwaruza, spreya ya kusafishia kontakti hutosha mara nyingi. Nyaya za sauti zilizochoka fundi yeyote wa Chikongola mwenye mkono mzuri wa kulehemu anabadilisha. Lakini sahani ikizunguka hovyo au kurudi nyuma, ujue saketi ya kuendesha mota imeguswa, na IC za enzi hiyo hazitengenezwi tena. Hapo bahasha haina la kukusaidia.

Soma lebo ya nyuma. Zilizouzwa nchi mbalimbali, baadhi zina kichaguzi cha volti chini ya sahani. Za soko la ndani la Japani ni volti 100 tu, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 transfoma yake inaungua kabla hujashusha sindano. Transfoma ya kushusha inatosha kwa hizi, tofauti na za puli. Mitumba mingine ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980, Pioneer, Sony, Kenwood, inaweza kuwa na sauti nzuri kama hiyo kwa bei ndogo zaidi, mradi uwe na hakika ya sindano na usichukue zile zenye mitambo ya umeme ya kurudisha mkono ambayo tayari inagoma.

Kuiunganisha na sabufa

Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5. Tundu la AUX la sabufa linategemea mamia ya milivolti. Zaidi ya hapo, tangu 1954 kiwanda cha santuri hupunguza besi na kuongeza sauti kali wakati wa kurekodi, kwa mkunjo wa RIAA, ili mifereji isipanuke kupita kiasi. Priampu ndiyo inayovirudisha vyote mahali pake. Bila priampu utasikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi, na utailaumu mashine. LP60X na LP120X zina priampu ndani, swichi iwe kwenye LINE. Technics za zamani hazina, nunua ya pembeni. Amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO ina yake: ukiunganisha hapo, ile ya ndani ya mashine izimwe, zikikutana mbili sauti inapasuka. Katriji ya seramiki ina nguvu ya kuingia AUX moja kwa moja, ingawa besi itapungua.

Waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya au priampu. Mngurumo usioisha, tisa kati ya kumi, ni huo waya.

Boksi la besi lisikae meza moja na mashine. Liweke sakafuni mbali kidogo, mashine iwe juu ya kitu kizito. Sakafu ya saruji, ambayo nyumba nyingi za mjini zinayo, ni msaada mkubwa: mashine za kuning'inia kwenye springi, Thorens TD 160 na wenzake, zilifaa hasa kwenye nyumba za Ulaya zenye sakafu za mbao zinazodundadunda. Kwetu hazina faida ya kulipia zaidi.

Unyevu wa masika utaleta ukungu kwenye santuri. Safisha za vinaili kwa maji yaliyochujwa ya kuongezea kwenye betri, yanayouzwa vituo vya mafuta, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Soma chupa: chupa ya asidi ya betri huwekwa rafu hiyohiyo. Zisimame wima, mbali na dirisha la jua na mbali na dari ya bati.

Nani achukue ipi

Mwenye 45 na LP anayetaka kusikiliza Ijumaa jioni bila ufundi: mpya ya daraja la LP60X, na sindano moja ya akiba anunue siku hiyohiyo. Mwenye 78: kinanda cha nyumbani kama kimepita ukaguzi, la sivyo LP120X na sindano ya SP. Mwenye kinanda cha BSR kisicho na sindano na babu aliye hai: kirekebishe kizunguke kwa heshima ya mzee, lakini usikitarajie kuwa mashine yako kuu. Anayepata Technics yenye mkono mzima na lebo inayosomeka, achukue kabla mimi sijafika.

Na ikiwa utaitumiwa kutoka Dar kwa basi, mwambie mtumaji maneno haya kabla hajafunga boksi: sahani itolewe na ifungwe peke yake chini kabisa, ule mzigo wa nyuma ya mkono uchomolewe, mkono ufungwe kwa kamba laini kwenye kishikizo chake, sindano ivuliwe isafiri mfukoni mwa bahasha, na boksi liandikwe kwa kalamu nene upande upi ni juu. Sahani ikisafiri juu ya beringi yake, kila tuta la barabarani kutoka Kibiti hadi Mingoyo linaigonga mahali pamoja.